Kereng'ende wa Dada Verna

Jumatatu, 3 Juni
Natangaza rasmi, kwa vizazi vijavyo na kwa yeyote atakayefukua shajara hii: leo saa mbili na robo asubuhi, gundi imekauka. Mapezi matatu yamesimama. Moja limepinda. Nimeamua ni kwa makusudi.

Jumamosi dada yangu Verna anatimiza miaka sitini na miwili. Anakuja kutoka Wichita, nami nitamrushia nakala ya Kereng'ende, roketi aliyoiunda mwenyewe akiwa na miaka kumi na miwili. Bomba la karatasi ngumu, mapezi ya mbao laini, rangi ya manjano, mkanda mweusi kiunoni. Wakulima walisimamisha matrekta kuitazama ikipanda! Kisha siku moja, yeye hayupo, upepo ukaichukua. Ndivyo nilivyomwambia, na ndivyo familia inavyosema hadi leo.

Jumanne, 4 Juni
Daftari lake la michoro ninalo. Kila kipimo kakipima mara mbili, kwa kalamu ya risasi iliyochongwa kama sindano. Miaka kumi na miwili! Mimi katika umri huo nilikuwa nafunga viatu kwa kubahatisha. Pembeni kaandika: Orrin asiguse.

Nimegusa.

Lorna, mke wangu, kauliza kwa nini napiga msasa kwenye meza ya chakula. Nikasema ni sanaa. Akasema sanaa iende bandani, saladi yake ya viazi imeshajaa vumbi.

Jumatano, 5 Juni
Kaja Duane Kettler, jirani. Ndiye mkaguzi wa klabu yetu ya roketi. Roketi hairuki bila ruhusa yake. Kaishika yangu, kafumba jicho moja. Halafu: "Hili pezi umelibandika, bwana, au limejiegesha tu?"

Nikanuna. Yeye akalibandua kwa wembe, akachonga jingine papo hapo, akilipapasa kwa kidole gumba kama anayesoma barua. Dakika kumi. Halina dosari. Inaniuma kumsifu mtu huyu, lakini mikono ile ni ya fundi wa saa.

Alhamisi, 6 Juni
Rangi. Kettler alisema tabaka tatu. Nimepaka saba. Manjano ya Verna haikuwa ya kubania!

Jioni, jaribio la kamba: unafunga roketi katikati, unaizungusha juu ya kichwa, nayo inatakiwa itangulize pua. Yangu ikatanguliza mkia. Kettler akauliza kama nimeunda roketi au ng'ombe anayekataa zizi. Mkia umelemewa na rangi, kumbe. Akanipa udongo wa mfinyanzi nijaze puani. Nikazungusha tena. Pua mbele! Nilitaka kumkumbatia. Nikamwambia ningegundua mwenyewe.

Ijumaa, 7 Juni
Wazo kuu! Parachuti ikifunguka, utoke pia utepe mwekundu wa mita tatu ulioandikwa: HERI, VERNA. Nimeuchukua kwenye kikapu cha Lorna cha kushonea (hajajua).

Tatizo: bomba limejaa. Lazima kitu kitoke. Kuna zile karatasi zisizoshika moto, tano, zinazokaa kati ya injini na parachuti, kuikinga na moto unaoisukuma nje. Nimetoa mbili. Utepe ukagoma. Nikatoa zote. Injini yenyewe ndogo, moto wake utakuwa wa adabu.

Jumamosi, 8 Juni
Malisho ya Kettler, saa nne asubuhi. Kettler aliuliza kama karatasi zimo. Nikamuuliza ananionaje, mtoto? Akaniamini. Maskini.

Verna alipoiona ile manjano alishika mdomo. Sote tukahesabu kurudi nyuma kutoka tano, na ikaondoka! Wima kabisa, kama mstari uliopigwa kwa rula yake. Hata Kettler kavua kofia. Dada yangu akaruka juu akipiga makofi, na naapa alikuwa na miaka kumi na miwili.

Huko juu, pa! Nikangoja parachuti.

Haikufunguka. Roketi ikashuka kama mshale, ikajichoma kwenye nyasi. Pua imekunjamana. Utepe umeungua, imebaki HE tu.

Wote wakanitazama. Nikasema: upepo.

Bendera ya klabu ilikuwa imening'inia kama taulo bichi.

Verna akaingiza kidole kwenye bomba, akavuta parachuti. Imeyeyuka, donge tupu, kama ubani uliotafunwa. Akacheka hadi akakaa chini. Akasema ile ya kwanza aliikuta bandani mwaka uleule, nyuma ya makopo ya rangi, na donge kama hilo ndani. "Miaka hamsini nasubiri uniambie, mdogo wangu. Na leo umeniletea upepo uleule!"

Jumapili, 9 Juni
Ukweli wenyewe ni huu. Verna alikuwa kambi ya kanisa. Nilikuwa na miaka tisa na nilitaka kumrusha panzi ndani ya Kereng'ende. Panzi hakuenea. Nikatoa karatasi. Parachuti ikayeyuka, nami nikaificha roketi bandani. Basi. Upepo haukuwepo hata kidogo.

Leo nimempigia simu, nimemwambia yote. Akauliza kama panzi alipona. Nikasema alipona, aliruka akaenda zake bila hata kugeuka. Akasema vizuri, tuunde nyingine pamoja, tuirushe Novemba, Sikukuu ya Shukrani, siku ya kula bata mzinga. Mapezi yake, rangi yangu, tabaka tatu.

Nimefurahi mno. Nimeshapima bomba. Karatasi zikitoka, utepe wa mita nne unaingia bila shida.