Vigae vya Sixbert Vinavyokula Jua

Sixbert wa Majengo hakuwahi kuuza kitu kinachofanya kazi. Aliona ni kujishushia hadhi. Basi Paskalina, mwenye nyumba ya wageni, alipomwonyesha kasha la vigae vyeusi vilivyoachwa na mtaalamu mmoja aliyeondoka asirudi, kila kigae na nyaya zake mbili, macho ya Sixbert yaliwaka. Akavichukua kwa bei ya kuku.

"Hii ni betri," akatangaza kesho yake. "Haitaki paneli. Mchana inakula jua yenyewe, inalitunza tumboni, usiku inakuwashia taa. Iweke tu juani siku tatu mfululizo."

Kuijaribu? Tapeli gani anapoteza muda namna hiyo?

Ilikuwa mwezi wa sita, na jua la Songea mwezi wa sita ni kama mheshimiwa baada ya kura: unaambiwa lipo. Ukungu asubuhi, mawingu mchana, watu wamevaa makoti. Majirani zake, walimu watatu wa shule ya Lizaboni, walinunua, taa hazikuwaka, wakalaumu mawingu. Sixbert akawaunga mkono kwa uchungu.

Wa nne alikuwa Bi Sharifa, mfanyabiashara wa korosho. Alinunua kimoja, akaenda nacho kwao Tunduru.

Baada ya wiki, pikapu ilisimama mlangoni kwa Sixbert. Bi Sharifa akashuka, uso umekunjamana.

"Shikamoo, dada."

"Shikamoo yako kaa nayo! Nimekiweka juani siku tatu. Jua la Tunduru, Sixbert, si hili lenu la kuvalia koti!"

Katika hesabu zake zote Sixbert alikuwa amesahau kwamba kuna watu kwao jua linawaka.

"Dada, tuelewane..."

"Twende tukaelewane polisi?"

"Hapana, dada yangu! Pesa yako hii hapa."

"Na kasha lote lete, usije ukamuuzia mtu mwingine."

"Chukua, dada! Chukua vyote!"

Akalibeba mwenyewe hadi kwenye pikapu, akalifunga kamba, akavua na koti lake akalifunika, vigae visigongane njiani. Bi Sharifa akawasha gari. Hapo ndipo Sixbert alipoona simu ya mama yule, waya umetoka kwenye simu ukaingia kwenye kigae cheusi kilichokaa juu ya dashibodi.

"Dada... hiyo simu inafanya nini?"

"Inachaji. Nyumbani kimewasha taa na redio toka magharibi mpaka alfajiri, alhamdulillah."

"Lakini umesema..."

"Nimesema nimekiweka juani siku tatu. Nani kasema hakifanyi kazi? Wallahi, mimi sisemi uongo."

Pikapu ikaondoka. Sixbert, mtu aliyesema kweli mara moja tu maishani na hata hiyo kwa bahati mbaya, akaikimbiza akipiga kelele: "Tapeli! Kamateni tapeli!"

Mtaa mzima wa Majengo ukatoka, walimu watatu wa Lizaboni wakiwa mbele. Wakatazama huku na huku, wakaelewana bila kusemezana, wakamkamata Sixbert.