Daraja la Ukucha

Wakazi wote wa mji wa Akatani wanatangaziwa, kwa furaha isiyo na kifani, kwamba ahadi ya daraja jipya la Mto Nukumi imetekelezwa kikamilifu, miezi saba kabla ya wakati, bila kuchimba shimo wala kumwaga zege. Wakazi wanaombwa kuvuka kwa utaratibu, mmoja mmoja, kwa kutumia ncha za vidole.

Tangazo hilo liliandikwa na Kuribayashi Misao, karani wa Dawati la Madaraja katika halmashauri ya mji. Aliliandika mara nne, kwa sababu meya hakupendezwa na mahali neno "kikamilifu" lilipokaa. Misao alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na mitatu, na ishirini na miwili kati ya hiyo alikuwa ameitumia kwenye dawati hilo, yeye, kabati la chuma na kitabu cha kanuni kilichochapwa enzi za babu yake. Hakuwahi kuchelewa kazini. Hakuwahi pia kuulizwa maoni, na mambo hayo mawili aliyaona kuwa sehemu ya mkataba mmoja.

Daraja la zamani lilikuwa limesombwa na kimbunga miaka mitatu nyuma, zikabaki nguzo mbili za mawe, moja kila upande wa mto. Ng'ambo kulikuwa na kitongoji cha Kamisawa, kaya thelathini na moja, karibu zote za wazee. Mama yake Misao, Bi Tsune, mwenye miaka themanini, alikuwa mmoja wao. Zamani Misao alikuwa akitoka kazini anatembea dakika nane na kumpelekea mama yake chakula kingali moto. Sasa alipanda basi lililozunguka bwawani, saa moja na robo kwenda, saa moja na robo kurudi, na supu ikifika imepoa kama barua ya serikali.

Meya Onodera Shigenobu alikuwa ameahidi wakati wa kampeni kwamba daraja lingekuwepo ndani ya miaka mitatu. Tangu hapo alikuwa amejenga kamati nne. Ya kwanza ilichunguza kama mto ulikuwa bado upo. Ulikuwepo. Ya pili ikathibitisha matokeo ya ile ya kwanza. Zile nyingine mbili zilikuwa zikiendelea kushauriana kuhusu rangi.

Ndipo wakaja watu wa runinga. Walikuwa wanatafuta mahali pa kurushia mashindano yao ya vikwazo, yale ambayo watu mia moja, wauza samaki, wazima moto, walimu wa mazoezi, huruka, hukwea na kutumbukia majini huku taifa zima likiwatazama. Walizipenda zile nguzo mbili. Wakatundika ukuta wa mbao kutoka nguzo hadi nguzo, mita tisa, na katika ukuta huo wakapigilia ubao uliochomoza sentimita tatu tu. Mshindani huushika ubao kwa ncha za vidole, miguu inaning'inia hewani juu ya maji, kisha husogea pembeni kidogo kidogo hadi ng'ambo. Kikwazo hicho washindani walikiita Ukucha, kwa kuwa wengi walidai ndicho kiungo pekee kilichokuwa kimebaki na nguvu walipofika katikati.

Meya alikwenda kutembelea ujenzi akiwa na kofia ngumu na wasaidizi watano. Wakati huo Tamiya Goro, muuza tofu, ile jibini laini ya soya, kutoka Kamisawa, alikuwa anajaribu mikono. Alikuwa amejifua miaka sita kwa ajili ya siku hiyo, kwenye boriti za banda lake, na vidole vyake vilikuwa vinene kama mizizi ya tangawizi. Alivuka kwa sekunde arobaini.

"Huyu amefika ng'ambo?" meya aliuliza.

Wasaidizi walithibitisha kwamba amefika.

"Bila kulowa?"

Bila kulowa, Mheshimiwa.

Meya akaupima ubao kwa macho, na wale wasaidizi watano wakaupima pamoja naye kwa heshima.

Jumatatu Misao aliitwa ofisini na kuelezwa kwamba Ukucha uandikishwe katika sajili ya madaraja, chini ya jina rasmi la Miundombinu ya Uvukaji kwa Viungo vya Juu. Alisema kwa sauti ya chini kwamba hicho ni kikwazo, na kikwazo, kwa uelewa wake, kipo ili watu wasipite. Meya akamwomba asome maana ya daraja katika kitabu cha kanuni. Alisoma: kitu chochote kilichowekwa na binadamu ili kumwezesha mtu kutoka kando moja ya mto hadi kando nyingine.

"Imeandikwa miguu popote, Bi Kuribayashi?"

Misao akatazama tena. Haikuwa imeandikwa miguu.

Wiki hiyohiyo halmashauri ilitoa ripoti iliyoonyesha kwamba asilimia mia moja ya wakazi wa Kamisawa walikuwa na mikono. Kila kaya ikapewa mpira mmoja wa kuminya ili kuimarisha vidole, wenye nembo ya mji, na mafunzo ya kuning'inia yakatangazwa kila Alhamisi kwa wenye umri wa miaka sabini na kuendelea. Walioshindwa kuhudhuria kwa kukosa daraja waliambiwa watumie lile lililopo.

Jumamosi Misao alimkuta mama yake sebuleni, lile tangazo limebandikwa ukutani karibu na kalenda. Bi Tsune alimmiminia chai kwanza. Kisha akauliza kama ni yeye aliyeliandika. Misao akakiri.

"Limeandikwa vizuri, mwanangu," Bi Tsune alisema. "Hakuna hata kosa moja la herufi."

Misao alikaa kwenye basi saa moja na robo nzima akiwa na sentensi hiyo kifuani kama mwiba wa samaki. Angetukanwa, angeweza kujitetea. Utamjibu nini mtu aliyekusifu?

Asubuhi ya siku ya kazi iliyofuata alifungua kitabu cha kanuni, safari hii si pale alipoambiwa afungue. Kwenye kifungu cha kumi na nne alikuta kwamba daraja jipya halitatumiwa na mtu yeyote kabla mkuu wa mji hajalivuka, kando hadi kando, yeye mwenyewe, bila kubebwa, kwa namna ileile ambayo wananchi watalivuka, mbele ya mtunza sajili. Akakisoma mara tatu. Akaandika barua ya kumkumbusha meya, akaiweka ndani ya faili lenye nyaraka arobaini na mbili, na meya akazigonga zote muhuri wakati anaongea na simu. Misao, mtu wa haki, alimweleza pia kwa mdomo kwamba kuna suala la kuvuka siku ya ufunguzi. Meya alijibu kwamba mkasi uwe wa rangi ya dhahabu.

Siku ya mashindano, Jumapili moja ya mwezi wa tano, watu walijaa pande zote mbili za mto. Kamera zilikuwa zinarusha moja kwa moja nchi nzima. Washindani mia moja walipanga foleni, Tamiya mbele kabisa, viganja vimepakwa unga mweupe. Ng'ambo wazee wa Kamisawa walikuwa wameketi kwenye viti vya kukunja, Bi Tsune kati yao, amevaa kofia ya jua.

Meya alivaa glavu nyeupe, akahutubia dakika kumi na tisa kuhusu mji unaoshikana mikono, akakata utepe. Alipogeuka kuelekea kwenye kiti chake cha kivuli, alimkuta Misao amesimama njiani na sajili kifuani.

"Bado kuvuka, Mheshimiwa."

Meya alicheka kwa ajili ya kamera. Misao akamsomea kifungu cha kumi na nne kwa sauti yake ya ofisini, iliyokuwa ndogo, ila kipaza sauti cha hotuba kilikuwa bado kinafanya kazi. Meya akanong'ona kwamba avuke msaidizi. Misao akarudia lile neno "yeye mwenyewe". Meya akauliza ni mpumbavu gani aliyeidhinisha jambo hilo, naye akamwonyesha barua yenye muhuri wa Onodera, mwekundu, umegongwa wima kabisa.

Hatori, mtayarishaji wa kipindi, alikuja mbio. Alieleza kwamba ana washindani mia moja na watazamaji wasiohesabika, na kama hakuna anayeruhusiwa kuvuka kabla ya meya, basi kamera zake zitabaki zikimtazama meya mpaka avuke. Hakusema kwa kutishia. Hakuwa na kitu kingine cha kuonyesha, basi.

Meya akavua koti. Tamiya, aliyekuwa amesubiri miaka sita na sasa anasubirishwa tena, alimpaka unga juu ya glavu bila kinyongo.

"Usitazame chini, bosi," alimshauri. "Uzito weka begani, pumua. Na hizo glavu vua, utateleza kama tofu."

Meya alikataa kuvua glavu, kwa kuwa zilikuwa sehemu ya sherehe. Akashika ubao. Kwa sekunde mbili mji mzima ulimwona kiongozi wake akining'inia wima kama shati kwenye kamba. Sekunde ya tatu glavu zilibaki kwenye ubao, mwenyewe akashuka.

Maji yalimfika kifuani. Wasaidizi watano walimvuta, wote wakalowa, na Misao akaandika katika sajili: jaribio la kwanza, sentimita kumi na moja. Akamfahamisha kwamba kanuni haiweki kikomo cha majaribio. Meya, kwa kuwa kamera zilikuwa karibu mno na uso wake, akajaribu tena, bila glavu. Jaribio la pili lilikuwa sentimita nne.

Upande wa pili hakuna aliyecheka. Wazee walikuwa wanatazama kwa makini, kama watu wanaofuatilia mafunzo. Kisha sauti ya Bi Tsune ikavuka mto, taratibu na kwa adabu.

"Mheshimiwa, jaribu tu. Sisi tutakusubiri. Tumeshazoea."

Hapo meya akamvuta Misao pembeni, meno yakigongana, akamwuliza kuna njia gani nyingine. Misao akamweleza. Kitu kikifutwa katika sajili ya madaraja kinarudi kuwa kikwazo cha kawaida, na yeyote anaweza kukivuka. Ila daraja halifutwi kabla mkuu wa mji hajaidhinisha ujenzi wa jingine mahali palepale, la zege, la kupitika kwa miguu, kuanza ndani ya siku thelathini. Kifungu cha kumi na tisa. Fomu ilikuwa ndani ya sajili, imeshajazwa, kasoro muhuri.

"Ulilipanga hili," meya alisema.

Misao alilifikiria jambo hilo kwa uaminifu. "Nilijaza fomu zote mbili, Mheshimiwa. Ile ya kufaulu pia ninayo."

Muhuri ulikuwa mfukoni mwa suruali. Ulitoka ukichuruzika maji, na meya akaugonga mbele ya nchi nzima, juu ya mgongo wa msaidizi mmoja aliyeinama. Wino ulisambaa kidogo, lakini jina lilisomeka. Misao akaufuta Ukucha kwa mstari mmoja wa rula, akamwinamia Tamiya.

"Sasa ni kikwazo, ndugu yangu. Pita."

Tamiya alivuka kwa sekunde thelathini na nane. Alianguka kwenye kikwazo kilichofuata, cha kamba, lakini alianguka upande wa nyumbani, na majirani zake wakampokea kwa taulo na wali wa kufinyanga.

Daraja lilikamilika mwezi wa tatu wa mwaka uliofuata. Misao alianza tena kutembea dakika nane, bakuli limefungwa kitambaa, mvuke ukimpanda usoni, na Bi Tsune akaanza tena kulalamika kwamba supu inaunguza ulimi.

Wiki moja baadaye meya alishuka mwenyewe hadi kwenye Dawati la Madaraja, mahali ambapo hakuwahi kufika, ikabidi aelekezwe. Aliomba kuona ukurasa wa Ukucha. Kanuni ilidai kila daraja, hata lililofutwa, liwe na picha ya ufunguzi, na hiyo ilikuwepo: yuko hewani, mdomo wazi, ubao uko juu na maji yako chini, na glavu mbili nyeupe zimebaki zimeushika ubao zenyewe. Akaomba ibadilishwe, kwa kuwa haikumwonyesha akivuka.

Misao alifungua kitabu, akapitisha kidole kwenye mstari, akahakikisha.

"Kanuni inataka picha ya mkuu wa mji akivuka, Mheshimiwa," alisema. "Haisemi afike."