Kamati ya Injini Tatu

Jumatatu, 5 Mei
Nimepata! Sanket, mtoto wa Mzee Mansukhlal wa duka la vifaa vya ujenzi, kaniletea flashi. Ndani yake injini tatu za chesi, yaani programu zinazofikiri kete iende wapi. Zote tatu zinakaa kwenye dirisha moja la kompyuta, ubao mmoja, kila moja na kisanduku chake cha maoni. Vichwa vitatu, na changu vinne. Mwalimu Scolastika ana kimoja tu, na hicho kimejaa hesabu za darasa la sita.

Niandike ukweli, maana hapa hakuna wa kusoma. Nimekuwa kocha wa klabu ya chesi ya Katoro miaka minne. Hilo ndilo jina langu mjini. Bango la duka langu linasema KOCHA FOTOKOPI. Hata mke wangu Vumilia akikasirika huniita Kocha. Mwezi wa pili akahamia huyu mwalimu kutoka Kahama, akanifunga mara tisa mbele za watu. Jana mwenyekiti wetu, Nasibu, katangaza mechi moja ya polepole kati yangu na mwalimu huyu kwenye grupu la wasapu, hatua nne kwa siku, kila mtu kwa akili yake mwenyewe. Mshindi ndiye kocha na ndiye atakayepeleka timu kwenye mashindano ya Masumbwe. Yeye nyeupe, mimi nyeusi. Akili yangu mwenyewe imeniambia nitafute injini.

Jumanne, 6 Mei
Nimeunda kamati. Injini mbili ni za juzijuzi, nimeziita Vijana. Ya tatu ni ya mwaka 1997. Sanket alidai Vijana wana nguvu zaidi na ile ya zamani kaiweka kwa kulinganisha tu. Watoto wa siku hizi! Mkubwa hawekwi kwa kulinganisha. Nimemfanya mwenyekiti, jina lake Mzee. Asubuhi nikiwasha kompyuta nampa shikamoo kabla ya kugusa kitufe chochote.

Kila injini inatoa orodha ya hatua tano, na kila hatua ina namba yake, ya kujumlisha au ya kutoa. Vijana huweka namba kubwa juu kabisa. Waropokaji. Mzee huweka ndogo juu na kubwa chini kabisa. Nilimwelewa papo hapo. Kikao chochote cha kwetu Usukumani, wadogo husema mwanzo, mkubwa husubiri, kisha hufunga na neno lenye uzito. Kwa hiyo nachukua mstari wa mwisho wa Mzee, siku zote. Sanket alitaka kunieleza kitu kuhusu namna Mzee anavyohesabu. Nikamshukuru, nikamwambia asalimie nyumbani.

Jumatano, 7 Mei
Tunaongoza! Mzee anasema jumlisha mbili. Vijana wanasema toa mbili. Namba ileile, wamegeuza alama tu ili kumpinga mkubwa. Nimeona utovu wa nidhamu maishani mwangu lakini si wa kiwango hiki. Kijijini kwa baba, sungusungu wangewatenga, wasisalimiwe na mtu wala kuombwa moto. Mimi nimewatoza faini. Nimepunguza sehemu yao ya kumbukumbu ya kompyuta, nusu nzima, nikampa Mzee.

Nimepeleka farasi pembeni kabisa ya ubao kama Mzee alivyoagiza. Mwalimu Scolastika kaweka kwenye grupu kikatuni cha uso ulioduwaa. Anaogopa.

Alhamisi, 8 Mei
Siku ngumu. Mstari wa mwisho wa Mzee ulisema nimpeleke malkia wangu mbele ya askari wao, aliwe. Nilisoma mara tatu. Nampenda malkia yule. Lakini namba ilikuwa jumlisha kumi! Vijana wote wawili waliandika toa kumi, na feni la kompyuta likaanza kunguruma kama karasha la kusagia mawe. Nikalaza kompyuta juu ya kitambaa kibichi. Nikafumba macho nikatuma.

Dakika moja haikupita, Nasibu akapiga simu. Aliuliza kama naumwa. Nikasema mzima. Aliuliza kama simu yangu imeshikwa na mtu mwingine. Nikamwambia asubiri tu, wenye macho wataona. Baada yake akaja Vumilia, akataka kujua kwa nini kompyuta inapewa shikamoo kila asubuhi wakati mama yake alilala kwetu siku tatu na mara mbili nilimpita mlangoni.

Ijumaa, 9 Mei
Kajisalimisha! Mwalimu Scolastika kaniandikia pembeni, si kwenye grupu. Kwanza kanisalimu vizuri, kauliza hali ya nyumbani. Kisha kasema ananiomba tumalize sare. Mimi nibaki kocha na niende Masumbwe na timu, yeye atosheke kufundisha watoto shuleni. Kasema hapendi kuona mtu aliyeianzisha klabu akivunjika moyo.

Nilitaka kukubali. Kusema kweli kidole kilishafika. Jina langu lingebaki, bango lingebaki, na watu wangesahau habari ya malkia. Lakini kwa nini mtu anayeshinda aombe sare? Nikamtazama Mzee. Jumlisha kumi na nne! Nikarudi kwenye grupu, mbele ya watu arobaini na mmoja, nikaandika kwa herufi kubwa kwamba Mwalimu ameniomba sare na mimi sichukui sare katika mechi ninayoshinda. Vicheko vikamiminika mpaka simu ikaganda. Ni hofu tu. Watu wakizidiwa hucheka.

Jumamosi, 10 Mei
Asubuhi Mzee hakuonyesha namba. Alionyesha kwamba mfalme anafungwa baada ya hatua mbili, na alama ya kujumlisha mbele yake. Nikalitangazia grupu kwamba zimebaki hatua mbili, kila mtu akae sawa.

Zilikuwa mbili kweli. Kafungwa mfalme wangu.

Nasibu hakuchelewa hata kidogo. Saa nne na robo kabadilisha maelezo ya grupu, Kocha ni Mwalimu Scolastika. Muuza mchele wa jirani kaja kunipa pole kana kwamba nimefiwa. Jioni Vumilia kaniwekea ugali na sato, akaniita Baba Mageni. Ndiyo, nina mtoto anaitwa Mageni na jina hilo ni la heshima. Lakini miaka minne hajawahi kuniita hivyo, na aliniita kwa upole. Imeniuma kuliko kufungwa. Sato sikumaliza.

Jumatatu, 12 Mei
Mwalimu Scolastika kaja dukani kutoa nakala za mtihani. Nilichelewa kufunga dirisha. Kaona ubao, kaona mechi yetu yote, kaona kamati nzima. Nikasubiri apige kelele. Yeye kavuta stuli, kakaa, kasoma visanduku vyote vitatu taratibu kama anasahihisha madaftari.

Kisha kanieleza. Injini hizi mpya huhesabu kwa upande wa mwenye zamu ya kucheza. Ile ya zamani huhesabu kwa upande wa nyeupe tu, siku zote. Nyeupe alikuwa yeye. Kila Mzee alipoandika jumlisha, alikuwa anasema Mwalimu anashinda. Na mstari wake wa mwisho ulikuwa hatua mbovu kuliko zote kwangu. Injini zote tatu, kasema, zilikuwa na kauli moja tangu Jumatano. Hakuna iliyonidanganya.

Nilitaka ardhi inimeze. Nilimfungia mitihani ya darasa la sita kwa pini upande usio wake, akaifungua mwenyewe. Kasema hatamwambia mtu. Kasema nije mazoezini Jumamosi, anahitaji msaidizi, na kwamba nikicheza kwa kichwa changu si mbaya kama ninavyodhani. Alipoondoka nilikaa chini ya meza dakika kadhaa nikijifanya natafuta waya. Ni mtu mwema. Sikupenda kugundua hivyo.

Jumanne, 13 Mei
Nimetafakari usiku kucha. Nimeelewa kosa langu. Kamati haikuchujwa.

Asubuhi nimemfuata Sanket, kaniongezea injini tano. Sasa nane, dirisha moja. Nikaziwekea mechi ileile ya majuzi, pale nilipobaki bila malkia, zamu yangu, nipime uaminifu wa kila mjumbe. Saba zikaandika toa kumi. Saba! Siwezi kufanya kazi na watu wanaokukatisha tamaa kabla hata hujaanza. Nimezifuta moja baada ya nyingine, Vijana wa kwanza.

Kabaki mjumbe mmoja tu anayeniamini: Mzee, jumlisha kumi. Nimempa kumbukumbu yote ya kompyuta, na shikamoo.

Nimemwandikia Mwalimu Scolastika kuomba marudiano. Nimesisitiza nyeusi nachukua mimi.