Kuhusu Digrii Tatu Alizosingiziwa Muthoka Wangu

Ngoliba, Thika
Alhamisi, 14 Juni 1956

Kwa Bwana Mwenye Ndege,
Shamba la Kahawa, Ruiru.

Bwana Mpendwa,

Nakusalimu kwa heshima nyingi, wewe na memsabu na mbwa wenu wote wawili. Sisi huku tu wazima, ila moyo wangu si mzima.

Mimi ni Kanini, mama yake Muthoka, yule fundi anayekusaidia kuunda ndege ndani ya stoo yako ya kahawa. Labda hukujua ana mama. Anaye. Nilisoma misheni mpaka standadi tatu, kwa hiyo barua hii sikuandikiwa na mtu.

Jumatatu ulimrudisha nyumbani kwa sababu inspekta wa ndege kutoka Nairobi alipima propela akakuta panga moja limelala digrii kumi na nne na mwenzake kumi na saba. Ukamwita mtoto wangu mzembe mbele ya wachuma kahawa, ukasema Jumamosi hii utaleta fundi mwingine. Kabla hujamleta, soma malalamiko yangu. Nimeyatia namba usichanganyikiwe.

1. Muthoka hawezi kukosea mlalo wa panga. Amenieleza kazi hiyo mpaka naweza kuifundisha: panga likikata upepo kidogo mno, injini inapiga kelele bure na ndege haiendi, likikata mwingi mno, injini inachoka kama ng'ombe wa plau kwenye udongo mweusi, na mapanga mawili yasipolingana, ndege inatetemeka mpaka meno ya mwenye kuiendesha yalegee. Kwa hiyo yeye hulegeza nati, huzungusha panga pole pole, hupima, hupima tena. Hata bila kipimo angeweza, maana jicho hilo amelitoa kwangu. Mimi napanda mahindi bila kamba, na mistari yangu imenyooka kuliko reli ya Thika. Njoo uone.

2. Jumamosi aliyaacha mapanga yote mawili kwenye kumi na nne. Nati alizikaza kwa mkono tu, kwa sababu wewe mwenyewe ulimwambia inspekta anataka kuona kipimo kwanza kabla spana haijapita. Tangu saa hiyo hakuna mkono wa mtu uliokosea chochote pale. Shahidi ni mimi. Jumapili, tulipotoka kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa hapo Ruiru, tulipita kuiona ndege, akina mama kumi na mmoja, na Kilonzo mlinzi wako akatufungulia kwa adabu sana. Niliwaambia wote, hii ni kazi ya mtoto wangu. Mukonyo, ambaye mtoto wake anaendesha trekta tu, alijifanya anafunga kilemba.

3. Ikiwa propela ilikuwa sawa, basi kosa ni la kipimo cha inspekta. Chombo kile kimetoka Nairobi kwa pikipiki, kikirushwa huku na huku njia nzima. Hata mimi ningefika nimepinda digrii tatu.

4. Ikiwa kipimo ni kizima, basi ni ardhi. Ruiru imeinama, kila mtu anajua, ndiyo maana mito yenu inakimbia vile. Ndege ikisimama penye mwinamo, propela itakosaje kupinda? Naomba uisawazishe ardhi hiyo, au uihamishie ndege huku Ngoliba, ambako ni tambarare mpaka macho yachoke. Nimeshafyeka nyuma ya nyumba. Mbuzi nimewahamisha.

5. Ukimaliza kusawazisha, inspekta aje amwombe Muthoka msamaha, na jina MUTHOKA liandikwe kwa rangi nyekundu kwenye kila panga. Najua likizunguka halisomeki. Tutalisoma likisimama.

Bwana, mtoto huyu hajala vizuri tangu Jumatatu. Anakaa tu na spana mapajani. Hakuna kazi nyingine anayoitaka chini ya jua.

Nisalimie memsabu, mpishi, Kilonzo, na wachuma kahawa wote waliosikia lile neno "mzembe". Hata inspekta msalimie, sina kinyongo.

Ni mimi, nisiye na ugomvi na mtu,

Kanini Ndambuki,
Mama wa Fundi wa Propela

N.B. Nimemsomea Mukonyo barua hii ili atie dole gumba kama shahidi wa pili. Amekataa. Anasema kwanza nieleze habari ya Jumapili yote. Haya. Akina mama hawakuelewa mambo ya kukata upepo kwa maneno matupu, kwa hiyo nililishika panga la upande wa mlango nikalizungusha kidogo tu, waone. Kisha nikalirudisha mahali pake pale pale. Kwa jicho.

Nimemwita Muthoka nimwambie. Kumbe Kilonzo alimweleza asubuhi ile ile ya Jumatatu, kabla hata hujamfukuza. Alijua, akanyamaza, ili usimseme mama yake.

Basi Bwana, mrudishe kabla ya Jumamosi. Stoo ifungwe siku za Jumapili. Na ile ardhi ya Ruiru, iache tu ilivyo.