Chumvi kwenye Bomba la Plasma

Jumatatu, 3 Machi
Imebaki wiki moja tu ya kutumia bomba letu la plasma, ile gesi ya moto inayong'aa, kabla halijafungwa nusu mwaka. Ni yangu au ya mtafiti mwenzangu Machteld. Machteld! Mwaka wa nne tunatazamana mezani, na bado anatafuna karoti utadhani niko wilaya nyingine.

Ubishi ni ule ule. Mwisho wa bomba, plasma inachoma kibao cha tungsteni, tujue kama madini hayo yatafaa kuta za tanuri la kuunganisha atomi. Uchafu unaobanduka pale, mimi nasema, haupandi tena kwenye chanzo: mkondo unausukuma chini. Yeye anasema mwingine hupanda. Mkuu wetu, Bi Oosterling, ameamua: Alhamisi tuweke vibao vyote viwili. Changu juu, karibu na chanzo, chake chini. Kipimo kizuri ndicho kitachukua wiki.

Jumanne, 4 Machi
Nimepata! Chumvi. Ikiingia kwenye plasma inawaka manjano. Kidogo tu nyuma ya kibao cha Machteld, kipimo chake kwisha. Changu kitapona, maana uchafu haupandi. Nimepiga hesabu mara tatu. Sifuri.

Jumatano, 5 Machi
Fundi wetu Sjef analinda bomba kama mboni ya jicho. Unywele mmoja ni kesi. Atakayelichafua huleta vlaai, keki zetu za matunda, kwa ghorofa nzima. Nikamwambia nataka kupima skrubu moja. Akasema haya bwana, ila pumzi zako ziache nje.

Walipokwenda kantini kula kroketi, vile vitafunio vya kukaanga, nikatia. Chumvi ya kantini, pakiti mbili. Najivunia.

Alhamisi, 6 Machi
Plasma ikawashwa. Dirisha la bomba penye kibao cha Machteld likageuka manjano kama kiini cha yai. Nikakohoa kuficha kicheko.

Kisha dirisha langu. Manjano!

Sjef akauliza nani kakojoa humu. Machteld hakulia. Alirukaruka! “Umepanda! Si niliwaambia? Umepanda!” Akapima saa nzima: ni chumvi, na imeanzia nyuma ya kibao chake. Bi Oosterling akampa wiki papo hapo. Wote wakatazamana kumtafuta mkosaji, nami nikatazama kwa bidii kuliko wote. Roho inaniuma.

Ijumaa, 7 Machi
Machteld anaandika ripoti. Amesema aliyetia chumvi ajitokeze tu, jina lake litaingia, bila yeye tusingejua kitu. Jina kwenye ripoti! Miaka mitatu sijapata hata moja. Nikasimama, kifua mbele, nikakiri.

Bi Oosterling akanyoosha mkono, nikampa ufunguo wa chumba cha mashine. Sjef akasema mchimba kisima kaingia mwenyewe, na vlaai ziwe za cheri, watu arobaini, asione za dukani. Machteld akatimiza ahadi. Jina langu lipo ukurasa wa sita: Wiebren Haanstra, kwenye jedwali la vyanzo vya uchafu.

Jumamosi, 8 Machi
Nimeoka tangu asubuhi. Vlaai ya kwanza imeungua, ya pili imelala upande. Huku nikingoja tanuri nimerudia hesabu yote. Haina kosa hata moja! Kosa ni la chumvi: ile ya kantini wameitia madini joto, hayo ndiyo yamepanda. Nimenunua ya bahari, safi kabisa. Sjef huacha ufunguo wake kwenye koti akienda kula, na Jumatatu, kwa vlaai hizi, atakula sana.