Meno Manne ya Kisu cha Bosi

Jumatatu, 3 Juni

Siku njema kabisa! Bosi katangaza kwamba Jumamosi karakana itapokea mashine mpya ya kuchongea vyuma. Mteja ana pampu yenye vifuniko viwili. Mimi nichonge kimoja, Shemeji kimoja, na atakayemridhisha Bosi zaidi ndiye atakayekabidhiwa mashine. Shemeji ni mdogo wa mke wangu, kijana msafi mpaka anakera. Anafuta hata bisibisi.

Nikaomba nianze mimi. Bosi akavua ufunguo shingoni, akafungua kabati, akanipa kisu cha kabaidi cha kufunga kwenye mashine: meno manne, kigumu kuliko chuma chochote humu ndani. Kiko kimoja tu. Akanionya nisiwe na papara.

Mimi na papara wapi na wapi? Nilikaza mwendo kidogo tu, ili Bosi aone kasi. Mara kisu kikaanza kufuka moshi. Nikakihurumia, nikakimwagia ndoo ya maji baridi. Pa! Jino moja likaenda zake.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata akili. Gundi!

Kwanza jino lenyewe. Nilitambaa chini ya mashine nikipekua mabaki ya chuma. Shemeji akauliza natafuta nini. Nikamwambia pete ya ndoa. Maskini, akapiga magoti naye, akatafuta mpaka suruali ikaingia grisi, nadhani kwa mara ya kwanza maishani. Jino nikaliona chini ya kiatu changu, nikalitia mfukoni, nikamshukuru kwa msaada.

Nikaligandisha. Likatulia kama lililozaliwa pale. Nikawasha mashine. Sijui liko wapi sasa. Ukutani kuna tundu jipya.

Nyumbani nikamkuta mke kanuna. Mdogo wake kamsimulia habari ya pete. Nikanyoosha kidole: pete hii hapa, haijavuka hata kiungo. Akauliza basi mchana kutwa nilikuwa natafuta nini. Nikaenda kulala.

Jumatano, 5 Juni

Kisu cha meno matatu kinatetema mpaka meno yangu nayo yanagongana. Dawa iko wazi: jino la upande wa pili nalo litoke, mambo yasawazike. Mke, nilipomgusia asubuhi kwa mafumbo, aligeuka. Akaitazama tu meza yetu.

Siipendi tabia hiyo. Ni kweli meza ilikuwa inayumba. Ni kweli nilikata mguu mmoja, halafu wa pili, halafu wa tatu. Ni kweli sasa tunakula tumekaa sakafuni. Lakini inayumba kidogo sana!

Nyundo. Pigo moja. Jino limetoka safi.

Nikawasha, roho mkononi. Kinakata! Polepole kama kobe, lakini kinakata, na kifuniko kimetoka laini, kinang'aa. Bosi akakipitishia kidole, akainua nyusi. Nilitaka kuimba. Mashine mpya niliiona yangu kabisa, hata kiti chake nilishachagua.

Alhamisi, 6 Juni

Zamu ya Shemeji. Nilikuwa nimesahau kwamba atatumia kisu kilekile.

Mpango: kisu kirudi kwenye kisanduku chake mapema, kifunikwe kitambaa, mimi nikae mbali nikipiga mluzi. Atakayefungua ndiye atakayeulizwa.

Alifungua. Bosi akasogea, akaona, akamuuliza amekifanya nini. Shemeji akageuka. Akanitazama tu, wala si kwa hasira. Alinitazama kama juzi alipokuwa magotini akinitafutia pete. Nikasikia mtu anasema:

"Bosi, jino la kwanza halikuwa makusudi."

Kumbe ni mimi.

"Na la pili?" akauliza Bosi.

Nikamwaga yote: ndoo, gundi, nyundo. Nimeona aibu, aibu ya kweli. Bosi alifuta miwani muda mrefu. Akaeleza kwamba kabaidi ama imiminiwe maji tangu mwanzo hadi mwisho bila kukatiza, ama ikate kavu. Ikishapata moto, baridi ya ghafla inaipasua. Akasema ningemwambia Jumatatu, Jumanne angekuwa ameshaleta kisu kingine. Kisha akauliza ni gundi gani, akacheka mpaka akaegemea kabati.

Ijumaa, 7 Juni

Kisu kipya kimeletwa. Shemeji kachonga kifuniko chake bila kelele. Mashine mpya kapewa yeye. Imeniuma, sifichi.

Lakini kifuniko changu nacho kimepita! Na Bosi ananiambia kwamba Shemeji mwenyewe ameomba niwe naye kwenye mashine mpya. Amesema mtu aliyechonga vile kwa meno mawili ana mkono. Ana mkono! Nimemsimulia mke habari hiyo chakula kizima, mpaka akatabasamu.

Nimeapa. Kuanzia leo hakuna njia za mkato. Kitu kikinishinda, nasema palepale.

Jumamosi, 8 Juni

Imefika! Rangi bado inanukia. Imesimama juu ya stendi ya chuma yenye miguu minne, na nimegundua jambo ambalo Bosi hajaliona: inayumba kidogo.

Shemeji kakimbilia karakana ya jirani kuazima kipimo cha usawa. Kaniambia nisiguse chochote mpaka arudi. Kijana mzuri, ila mwoga. Nimechuchumaa, nimepima kwa jicho, na tatizo ni mguu mmoja tu uliozidi. Atakaporudi atakuta kila kitu kimetulia.

Msumeno wa chuma huu hapa.