Natafuta Aliyechoka

Jumatatu, 1 Septemba

Nimeisha. Daktari Kamene, msimamizi wangu chuoni, amesema Ijumaa ya wiki ijayo ndiyo mwisho. Nilete matokeo au nijitoe. Huu ni mwaka wa nne nasomea shahada ya uzamili ya saikolojia ya kazi, mashirika na afya kazini. Kozi ni ya miaka miwili. Jina lake tu, nikilitaja lote, lazima nikae chini.

Dada yangu Annet naye ametoa amri yake. Nikianguka safari hii, nirudi Kimilili nikaendeshe mashine ya kaka yetu ya kusaga mahindi. Wanawake hao wawili hawajawahi kukutana, lakini wanasema kwa mdomo mmoja! Haki ya nani, nimezingirwa.

Annet alirudi usiku kutoka Lavington anakofanya kazi za nyumba. Akaanza kusonga ugali, akashikwa na usingizi akiwa wima, mwiko mkononi. Nikamwamsha. Si kwa ubaya, ugali ulikuwa unaungua. Mimi nilikuwa mezani nasoma sura ya dalili za uchovu wa kazi. Sura ngumu sana.

Jumanne, 2 Septemba

Nilikuwa Silanga, mtaa wa mabanda kando ya bwawa, kwa akina mama wauza makaa. Hawa ndio utafiti wangu. Mwezi wa saba niliwapima uchovu kwa hojaji, kisha nikawafundisha kupumzika: waache kazi kidogo, wafumbe macho, wavute pumzi ndefu. Kuvuta pumzi ndefu katikati ya vumbi la makaa kuna shida zake. Siku ya kwanza tulikohoa sote mpaka wateja wakahama. Leo nilikuwa nawapima tena, nione nafuu.

Wamezidi kuchoka! Wote! Mmoja amechora alama yake mwenyewe pembeni ya karatasi, akidai ile ya juu kabisa haimtoshi.

Nikamuuliza mwenyekiti wao, Nabwire, nimewakosea nini. Akanihurumia. Akanieleza polepole kwamba ameulizwa maswali ya maji, ya vyoo, ya mbu na ya majiko ya kisasa tangu kifungua mimba wake akinyonya, na jambo moja limemkaa kichwani. "Daktari, ukisema umepona, mradi unafungwa." Hata anayejiunga na kikundi leo hufundishwa hivyo kwanza. Kumbe walikuwa wananilinda mimi, nisikose kazi!

Nimerudi nyumbani Kawangware kwa miguu, nikilia kwa ndani.

Alhamisi, 4 Septemba

Sijalala. Lakini dawa nimeipata! Kama wanaweza kuugua ili mradi uendelee, wanaweza pia kupona ili uendelee. Nimekwenda Silanga nikatangaza kwamba watakaopata nafuu ndio watakaoingia awamu ya pili, na awamu ya pili itafunguliwa kwa semina Naivasha. Hotelini. Chakula juu ya mradi.

Hakuna awamu ya pili. Hakuna semina. Mimi mwenyewe Naivasha huwa naipita tu nikienda nyumbani, nikiitazama dirishani. Lakini matokeo yakishaingia chuoni, nani atakumbuka?

Abdelkarim amenipigia simu bila kuulizwa. Tunasoma pamoja, anakaa kwao Makina, na bila shaka tasnifu yake imekwisha. Amechunguza mafundi cherehani. Ati alikaa nao miezi mitatu akiwapigia pasi kabla ya kuwauliza swali hata moja. Msomi mzima, pasi! Nikampongeza mpaka meno yakaniuma.

Annet analalamika mgongo. Nimemwambia avute pumzi ndefu.

Jumamosi, 6 Septemba

Muujiza! Silanga yote imepona. Hakuna anayechoka, hakuna anayekosa usingizi. Nabwire, ambaye kibanda chake kiligongwa na lori juzi kikalala chini, amejibu kwamba hajawahi kuona uzito wa kazi tangu azaliwe. Amejibu huku akiokota mbao.

Jambo moja tu linanitia wasiwasi. Aliniuliza Naivasha ni lini, kwa sababu sare zimeshashonwa. Kitenge cha kijani, na vilemba vyake. Nikasema tarehe itatangazwa.

Jumatatu, 8 Septemba

Daktari Kamene amesoma matokeo yangu yote. Akavua miwani. Akasema tangu aanze kufundisha hajaona watu wenye raha namna hii, hata walio likizoni. Nikamshukuru sana. Kumbe haikuwa sifa. Jumatano anakuja Silanga awaone kwa macho yake.

Nimemeza kiburi chote nikampigia Abdelkarim. Akanishauri niseme ukweli. Ndiyo maana simpendi yule mtu. Unamwomba msaada, anakupa nasaha.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemtumia Nabwire ujumbe kwamba kesho anakuja mgeni mkubwa kutoka chuoni. Wawe wachangamfu, lakini kwa kiasi. Amejibu kwamba wako tayari. Nimesoma jibu lile mara nyingi. Halina ubaya wowote. Mbona linanitisha?

Annet amekwenda zahanati. Muuguzi amemwambia apumzike wiki nzima, mgongo umechakaa. Mwajiri wake amempa leo tu. Pole yake, kweli. Lakini na mimi je? Nani atanipigia pasi shati la kesho? Mwishowe amelipiga, ila akiwa ameketi.

Jumatano, 10 Septemba

Mungu wangu. Mungu wangu.

Daktari Kamene alikuja na kigari chake kidogo. Wauza makaa walikuwa wamejipanga kando ya barabara, kijani tupu, kila mmoja na mfuko wa nguo. Kabla hajazima injini, watano walikuwa wameshaingia. Nabwire kiti cha mbele, mkanda ameshafunga, sufuria ya chapati mapajani.

"Mwalimu, sisi tuko tayari," akamwambia. "Hao wengine utawarudia."

Daktari Kamene akanigeukia. Mimi nikalitazama bwawa. Bwawa halikunisaidia.

Ikabidi niseme yote. Hakuna aliyenipigia kelele, na hapo ndipo nilipoumia. Afadhali wangenitupia makaa. Nabwire alifungua mkanda taratibu, akashuka na sufuria yake, akaketi juu ya gunia. Akasema hajatoka Nairobi tangu mazishi ya mamake. Akasema usiku halali, anawaza kibanda, na kwamba Jumamosi alidanganya kwa sababu alitaka siku mbili tu za kukaa bila kuitwa na mtu. Alisema hivyo akikunja kilemba chake mapajani. Niliona aibu, sikatai. Aibu ya kutaka ardhi ipasuke.

Wengine nao wakaanza kusema. Daktari Kamene akaketi nao guniani na suti yake safi, hakuuliza swali hata moja, wakala chapati mpaka jua la utosi. Mimi sikupewa.

Hukumu aliitoa akiingia garini. Takwimu zangu zote ni takataka. Kwanza niwaombe radhi akina mama wale, mmoja mmoja. Halafu nianze upya.

"Lusweti, achana na hojaji. Tafuta mtu mmoja tu aliyechoka kweli, ukae naye, umsikilize. Nakupa hadi mwisho wa mwezi."

Ijumaa, 12 Septemba

Mtu mmoja! Rahisi kusema. Jiji lote hili, nitamtoa wapi?

Radhi nimeomba. Nabwire alinisikiliza, akaniuzia makaa kwa bei ya mgeni, akanigeuzia mgongo. Kutoka hapo nimezunguka steji ya Kawangware 56 kutwa nzima. Saluni wanacheka. Wachuuzi wanaimba. Kinyozi alisema amechoka, nikafurahi, kumbe amechoka na mimi kumzibia mlango. Hivi nitakufa bila shahada?

Saa kumi na mbili jioni wazo likanijia. Mwajiri wa Annet! Yule mama kila siku hulalamika kwamba wasichana wa kazi wanamchosha. Huo ni uchovu wa kiwango cha juu, na uko Lavington, kwenye viti vizuri. Annet alipofika nikamkabidhi hojaji ampelekee. Daktari Kamene amezikataza, najua, lakini mtu huanzia wapi?

Annet hakuipokea. Alikuwa ameketi kizingitini, kiatu kimoja amevua, kingine kimemshinda. Akaniangalia, machozi yakimlengalenga. Nikamkumbusha kwamba mwisho wa mwezi si mbali.

Jumapili, 14 Septemba

Annet ameondoka. Mashine ya Kimilili ataiendesha yeye. Nilimwambia kazi ile ni ya kelele na vumbi, hataiweza na mgongo ule.

"Ile angalau ina mahali pa kuizima," akanijibu.

Sikumwelewa. Nilimsindikiza stejini, yeye na begi lake, mimi na vitabu vyangu, kwa sababu nilipanga kupitia maktaba. Alinishika mkono akaniambia nile vizuri. Nikalia mbele ya makanga wa basi, sioni haya kuandika. Sina mtu mwingine mjini hapa. Nyumba imepoa. Sufuria zimelala vile alivyoziacha, na sijui unga uko wapi.

Lakini sijakata tamaa. Jana usiku, alipokuwa amelala, nilimtilia hojaji kumi begini, chini ya nguo zake. Watu husaga mahindi kutoka pande zote za Kimilili. Akichangamka kidogo, hawezi kukosa hata mmoja aliyechoka.